Upande wa Kulinganishwa

Paukwa yangu leo haina pakawa, kwa sababu wanaotakiwa kuitikia bado wanasubiri kibali. Basi nitaanza hivyo hivyo, na asiye na kibali asikilize kimyakimya.

Ipo nchi inaitwa Kule. Haiko hapa kwetu. Nalisema hili mapema, na nitalisema tena nikiona mtu ananikodolea macho: mambo haya ni ya Kule. Hapa kwetu kila mtu amepata.

Kule kulikuwa na serikali yenye akili nyingi mno, isiyokurupuka. Ukiiomba kisima, haikupi kisima. Inakuuliza kwanza: je, ni kweli mtu mwenye kisima ana maji kuliko asiye nacho? Nani amethibitisha? Na kama haijathibitishwa, mnaombaje kitu cha kukisia? Ndipo ikaundwa Wizara ya Kulinganisha, jengo la vioo lenye lifti mbili, moja inafanya kazi na nyingine ni ya kulinganishia.

Wizara hiyo ilitenda makubwa. Iliezeka shule za wilaya moja, ikaziacha za wilaya jirani wazi, ikakaa kungoja mvua. Mwaka ule mvua haikunyesha. Watoto wa huku wakavu, watoto wa huko wakavu. Wataalamu wakatangaza kwamba paa halina faida iliyothibitika, na mabati yakaezuliwa. Mwaka mwingine wakalinganisha wazee waliopewa chakula na wazee wasiopewa. Walipokwenda mwishoni kuwauliza afya zao, wale wasiopewa waliokutwa nyumbani walikuwa wachache lakini imara, wazee wa chuma kabisa. Wenzao hawakutokea kuhojiwa, na hawakuleta udhuru. Taarifa ikasema njaa inakomaza.

Mimi shuleni nilifika kwenye kugawanya. Kugawiwa sijafika mpaka leo. Kwa hiyo hesabu zao sitazigusa. Nitasimulia watu tu.

*

Kijiji kilichopatwa na bahati hii kinaitwa Vumbini. Barabara inakipasua katikati, huku Upande wa Juu, huku Upande wa Chini, ingawa ardhi yote ni bapa kama chapati. Vumbi halibagui, nzi hawabagui, na pande zote mbili watu walikuwa wanaumwa vikope. Ugonjwa huu unaanza kwa kuwasha, mtu anadhani ni moshi wa jikoni. Baadaye kope zinageukia ndani, na kila ukipepesa zinakukwaruza jicho kama ufagio wa chelewa. Ukizidi kuchelewa, jicho linageuka jeupe, na likishageuka limekwenda, halirudi. Lakini kabla ya hapo dawa ipo, ya kupaka, na upo upasuaji mdogo wa kuigeuza kope, unaokwisha kabla chai haijapoa.

Bi Sikudhani wa Upande wa Chini alikuwa na vikope macho yote mawili. Kila asubuhi shoga yake, Bi Mwajabu wa Upande wa Juu, alivuka barabara na kibano, wakakaa uani kung'oana kope.

"Tulia basi. Unarukaruka kama mwari."

"Mkono wako mzito, Mwajabu. Wewe uliumbwa ung'oe magugu, si kope za watu."

"Na wewe ukining'oa nisemeje? Jana umeondoka na nyusi."

Walikuwa wamekwisha kupanga kwenda hospitali ya masista kule Mlimani, safari ya mkokoteni wa punda. Punda amepatikana, maandazi ya njiani yamekaangwa. Ndipo likaja gari la Wizara.

Aliyeshuka wa kwanza ni Dakta Nasibu. Dakta wa vitabu, si wa sindano. Huyu alizaliwa hapo hapo Vumbini. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, Sikudhani akamchukua akamnyonyesha pamoja na binti yake, kila mmoja na ziwa lake. Jina la Nasibu alimpa yeye, maana kupona kwa kile kitoto kulikuwa nasibu tu. Kwa hiyo aliposhuka na suti yake, watu hawakuona ofisa. Waliona mtoto wa Sikudhani amerudi, na wakasema, sasa tumepona.

Nyuma yake akashuka Katibu Mkuu, mtu wa kifua na kitambi, naye akahutubia.

"Ndugu wananchi. Upande mmoja utapata dawa na upasuaji. Upande wa pili hautapata. Asije mtu akadhani kwamba wasiopata wameonewa. Wasiopata ndio uti wa mgongo wa taifa hili. Bila wasiopata, waliopata watajuaje kwamba wamepata?"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa alikuwa amenyamaza.

"Anachagua nani?" aliuliza Mwajabu.

"Hachagui mtu, mama. Inachagua bahati nasibu."

"Nasibu huyu?"

"Bahati nasibu."

"Haya. Angalau tunamfahamu."

Vikaratasi viwili vikatiwa kwenye kofia ya dereva, kimoja kikatolewa. Upande wa Juu ukapata. Diwani wa kata, mzaliwa wa Upande wa Chini, baba yake na babu yake wamezikwa Upande wa Chini, alikuwa amehamia Upande wa Juu juzi yake tu, na kitanda, na kuku, na wake wote. Bahati ya mkubwa humtumia salamu kabla ya kuja.

Upande wa Chini ukaingia simanzi. Dakta Nasibu akalivuka lile vumbi, akapiga magoti mbele ya Sikudhani, suti na yote, watu wakiona.

"Mama, msihuzunike. Ninyi ndio kundi la kulinganishwa. Mtalinganishwa na wenzenu."

Sasa neno hilo, Vumbini, lina maana moja. Fundi akilinganisha ukuta, anaongeza tofali pale palipopungua. Ukilinganisha miguu ya kigoda, unatafuta ule mfupi unauwekea kigae chini. Mtu akikuambia utalinganishwa na aliyepata, amekuambia nini? Hata wewe msomaji usingeuliza mara mbili.

Sikudhani aliuliza. "Lini?"

"Ikishaonekana tofauti ya maana, Mama. Ila kuna sharti. Asiende mtu yeyote wa upande huu kutibiwa kwingine. Akienda hata mmoja, ulinganisho umeharibika, na wote mtakosa."

Sikudhani alimtazama kwa macho yanayochuruzika. "Haya unasema wewe, au inasema Wizara?"

"Nasema mimi, mwanao."

"Niapie kwa ziwa nililokupa."

Akaapa. Jioni ile punda akarudishwa kwa mwenyewe, na maandazi ya safari yakaliwa na waombolezaji waliogeuka washerehekeaji.

*

Upande wa Juu ukapasuliwa kope na kupakwa dawa. Mwajabu alifungua macho akaona mambo mengi ambayo hakuyatarajia, ikiwa ni pamoja na umri wa mume wake. Lakini hakumsahau shoga yake. Alichopoa tyubu ya dawa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akavuka.

Alipaswa kuvuka kwa hila, kwa sababu barabarani palikuwa na Ofisa Uchafuzi. Msidhani alikuwa anaangalia takataka. Huko Kule, mtu akimmegea jirani yake dawa, kitendo hicho kinaitwa uchafuzi, na ofisa yule alikuwa na filimbi.

"Paka," alisema Mwajabu.

"Sipaki."

"Nani atakuona?"

"Ndiyo maana sipaki. Mtoto nimemwapisha mimi mwenyewe. Nikivunja mimi, nitamdai nini yeye?"

"Sikudhani, jicho lako la kushoto lina ukungu."

"Mwanangu amesema tutalinganishwa."

"Mwanao ana miwani. Mwulize kama na yeye alilinganishwa kwanza."

Sikudhani alicheka, lakini tyubu ikarudi ng'ambo. Na si hilo tu. Alikuwa anazunguka nyumba hadi nyumba Upande wa Chini kuwatuliza wenzake. Mzee mmoja alikwishapanda mkokoteni kwenda kwa masista. Sikudhani ndiye aliyemshusha, akamshikia hata fimbo. "Vumilia, baba. Usituharibie sote." Wizara ingehitaji askari wengi kuwazuia watu wale wasiende hospitali. Haikuhitaji hata mmoja. Ilikuwa na Sikudhani.

Mvua za vuli zikapita, za masika zikapita. Jicho lake la kushoto likageuka jeupe kama yai lililomenywa. La kulia likaanza kuuma.

*

Hatimaye Wizara ikatangaza kwamba itakuja kupima. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti: matokeo ya pande zote mbili yatapimwa kwa kipimo cha Ti.

Ti ni herufi, nimeambiwa, na wataalamu wa Kule wanaiheshimu kuliko herufi nyingine zote. Ukiwa na makundi mawili unayapitisha humo, na Ti inakuambia kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu imekupitia. Lakini Vumbini walisikia kwa masikio ya Vumbini. Walisikia kipimo cha tii.

"Wanapima utii," Sikudhani aliwaambia wenzake. "Basi hapo tumewashinda. Wale wa Juu wamekwisha kupona, wamekuwa na viburi. Sisi tukiulizwa tujibu kwa adabu. Asilalamike mtu, asinung'unike mtu. Tukiwa watiifu, tofauti itaonekana, na tutalinganishwa."

Wakaja makarani wamebeba vishikwambi. Aliyefika kwa Sikudhani alikuwa binti mwenye kucha ndefu na haraka zaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Habari za macho?"

"Nzuri."

Karani akabonyeza. Kishikwambi kikalia, ti, kikaruka kwenye swali la pili.

"Ila hili la kushoto, mwanangu..."

"Asante, bibi. Habari za kope?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu, ila zina..."

Ti.

"Na maumivu je?"

"Mazuri tu. Ila usiku..."

Ti.

Ninyi mnajua, na mimi najua. Mtu wa Vumbini hata nyumba ikiungua, ukimwuliza habari za nyumbani atajibu nzuri, kisha atavuta pumzi, kisha atasema ila. Nzuri ni kibaraza tu. Habari yenyewe imelala ndani, na unaingia kwa ila. Kishikwambi cha Wizara kilikuwa na nafasi ya kibaraza peke yake. Upande wa Chini mzima, vipofu na nusu vipofu, wakabaki wamekaa na ila zao mdomoni.

Upande wa Juu mambo yalikuwa mengine. Diwani alikuwa amewapitia usiku wa kuamkia kipimo. "Mkisema mmepona, dawa zitakatishwa. Kuweni wajanja." Basi Mwajabu alipoulizwa habari za macho, huku akiona chawa kwenye kichwa cha karani, alijibu, "Hivyo hivyo tu." Jirani yake akasema, "Tunajikongoja." Diwani mwenyewe akasema, "Bado bado," akaomba tyubu ya akiba.

Majibu yakapelekwa kwenye jengo la vioo, yakajumlishwa. Wataalamu wakatazamana. Wasiopata dawa walikuwa na hali nzuri kuliko waliopata.

Hapo wakapatwa na hofu kidogo. Lakini Ti haimtupi mtu wake. Wakayapitisha makundi yote mawili humo, na jibu likatoka kwamba tofauti yenyewe ni ndogo, inaweza kuwa imeletwa na bahati tu, na haina maana.

*

Wakarudi Vumbini kutangaza, Dakta Nasibu na Katibu Mkuu wake. Sikudhani aliongozwa kwa mkono na Mwajabu mpaka mbele, akakalishwa kwenye kiti cha heshima, kwa kuwa Upande wa Chini walijua leo ndiyo leo.

"Tofauti," alisoma Dakta Nasibu, "haina maana."

Watu wa Upande wa Chini wakamgeukia Sikudhani.

"Jicho langu?" aliuliza Sikudhani.

"Jicho lako lina maana sana, Mama. Isiyo na maana ni tofauti."

"Mimi ninalo moja. Mwajabu anayo mawili. Mbili toa moja hata sisi wa Vumbini tunaiweza."

"Kwa mtu mmoja mmoja ni kweli. Lakini sisi hatutazami mtu mmoja mmoja. Tunatazama wastani."

"Wastani ni nani?"

"Ni kama... mtu wa katikati."

"Anakaa wapi? Barabarani?"

Watu wakacheka. Katibu Mkuu naye akacheka, akiamini mkutano unakwenda vizuri. Kisha akasimama na kutoa uamuzi. Kwa kuwa dawa haijaonyesha faida, Upande wa Juu nao utaacha kupewa kuanzia leo. Na Upande wa Chini utaendelea kungoja kama ulivyo, bila kutibiwa popote, kwa kuwa huenda tofauti ikapata maana huko mbele ya safari.

Ndipo wakaelewa. Mafundi wako wa aina mbili. Yuko anayelinganisha kigoda kwa kuweka kigae chini ya mguu mfupi, na yuko anayelinganisha kwa msumeno.

Sikudhani hakupandisha sauti. "Nasibu. Njoo karibu."

Akasogea.

"Umezaliwa hapa. Uliwahi kumsikia mtu wa hapa akianza na ubaya? Siku mama yako alipofariki, baba yako alipoulizwa habari, umesimuliwa alijibu nini?"

Dakta Nasibu alitazama viatu vyake. "Alijibu nzuri."

"Kisha?"

"Kisha akasema ila."

"Kwa hiyo ulijua."

"Kama mwanao nilijua, Mama. Kama mtaalamu siruhusiwi kujua kitu ambacho hakimo kwenye swali."

"Na ulipoapa, uliapa kama nani?"

Katibu Mkuu akamwokoa. "Kiapo hakikuwa sehemu ya utafiti," alisema, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.

Yule mzee aliyeshushwa mkokotenini alikuwa amekaa nyuma ya Sikudhani. Naye macho yake yote mawili sasa yalikuwa meupe. Alinyoosha mkono tu, akapapasa mpaka akalipata bega la Sikudhani, akauacha mkono hapo, na sijui kama alikuwa anamfariji au anamwonyesha alikomfikisha.

*

Kesho yake asubuhi punda alifungwa. Mwajabu alikaa mbele, Sikudhani nyuma na yule mzee, na nyuma yao mikokoteni mingine ya Upande wa Chini. Ofisa Uchafuzi akapiga filimbi. Punda hakuielewa.

Masista walimpasua Sikudhani kope ya kulia, na jicho lile likapona. Kwa la kushoto walitikisa kichwa. Kwa mzee walitikisa kichwa mara mbili.

Katika vitabu vya Wizara, mtu anayetoka kwenye kundi lake haandikwi kwamba amechoka, wala kwamba amedanganywa. Anaandikwa amepotea. Na Upande wa Chini wote ukawa umepotea. Jambo hili lilikuja wakati mbaya, kwa kuwa Dakta Nasibu, kwa taarifa yake ile nzuri, alikuwa anakaribia kufanywa Naibu Waziri, na haipendezi Naibu Waziri kupoteza nusu ya kijiji. Akaambiwa akawatafute. Akashauriwa aanze na mama yake. Akirudi yule, wengine watamfuata, kama walivyomfuata kwanza.

Gari likapita Vumbini na kipaza sauti. "Anatafutwa Bi Sikudhani wa Upande wa Chini, ambaye amepotea. Atakayemwona atoe taarifa."

Sikudhani alikuwa kibarazani kwake na Mwajabu, wanachambua choroko.

"Shoga, unaambiwa umepotea."

"Nimesikia. Gari likirudi wapungie mkono."

Wakaingia ndani kwa ajili ya vumbi, mlango wakauacha wazi, wakaendelea kuchambua. Gari likasimama. Dakta Nasibu akaja kwa miguu, peke yake, akafika mlangoni.

"Hodi, Mama."

Sikudhani aliinua uso. Jicho la kulia likamtazama kuanzia viatu, likapanda polepole kwenye tumbo, tai, miwani, likatua. Hapakuwa na pazia kati yao. Akatoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa pembeni.

Vumbini hodi haiachwi. Hata mwizi anakaribishwa kwanza, fimbo zinafuata. Mwajabu akavuta pumzi ili aitikie, maana adabu ni ugonjwa, na Sikudhani akambana goti.

"Hodi. Ni mimi, Nasibu."

Choroko zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

Hodi ya tatu haikuwa na Dakta ndani yake. Ilitoka nyembamba, imekatika katikati, kama ya kitoto kinachotafuta ziwa gizani. Mkono wa Sikudhani ulisimama juu ya ungo. Ulisimama muda mrefu kidogo. Kisha ukaendelea.

Na ada ya Vumbini inajulikana: ukibisha hodi tatu usiitikiwe, nyumba haina mtu. Unaondoka.

Dakta Nasibu akarudi kwenye gari. Karani mwenye kucha ndefu akamwuliza, "Umempata?"

"Hayumo," alisema.

Ti.

Sikudhani alimtazama mpaka gari likapinda na vumbi likatua.

"Amenenepa," alisema Sikudhani.

Machozi yakamtoka kwenye jicho linaloona na kwenye lile lisiloona, sawasawa.